Mkeka wa Mwanarusi katika Nchi ya Kiooni

Sogeeni, na aliye na kazi mkononi aifanye huku anasikiliza. Safari yenyewe siisimulii, maana njia zote huchosha namna moja. Naanzia pale Mishi, msuka mikeka, alipoingia nchi ya Kiooni, mkeka mpya begani na barua ya shangazi yake imefungwa kwenye pindo la kanga.

Barua ilikuwa fupi. Mishi aliishia darasa la saba, lakini ile hata mtoto wa la pili angeisoma: "Njoo, mwanangu. Mwaka huu nikikosekana tena, wananihamisha."

Alimkuta Shangazi Mwanarusi amekaa barazani kwake, kivulini, amejitanda shuka jeupe lisilo na ua wala mstari. Jicho lake moja lilikuwa zima. La pili lilikuwa limefunga utandu tangu siku nyingi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Kaka yangu hakulishi?"

Mishi hajajibu, akafika mtu wa maji na mkokoteni wake wa madumu. Akasimama hatua moja mbele ya Shangazi, akafungua daftari, akautazama ukuta.

"Nyumba hii ina mtu?"

"Nipo hapa," Shangazi akasema. "Na unanikanyagia kandambili."

Mtu wa maji akaandika kitu. "Ipo sauti," akasema. "Sauti haipewi maji."

Akasogea kwenye kibanda cha jirani, pembeni ya nyumba, hatua sita nyuma ya baraza. Kilikuwa kibanda cha kinyozi, na kinyozi mwenyewe alikwisha hama zamani. Kilichobaki ukutani ni bango: kichwa cha mwanamume kimechorwa kwa rangi, njia ya nywele imenyooka, meno yote nje. Mtu wa maji akavua kofia.

"Habari za asubuhi, Bwana Bango? Salama? Familia haijambo?" Akatua madumu mawili chini ya bango, kisha akamgeukia Mishi, ambaye yeye alionekana kwa sababu wageni hupewa kibali mpakani. "Huyu ni mtu mpole sana. Hana maneno mengi. Raia wote wangekuwa hivi, kazi yetu ingekuwa nyepesi."

Alipoondoka, Shangazi akainuka taratibu, akalifuata dumu moja la Bwana Bango, akalibeba hadi jikoni.

"Ndivyo ninavyoishi," akasema. "Namwazima maji. Hajaninyima hata siku moja."

Mishi alielezwa sheria ya nchi ile mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza alidhani shangazi yake anamtania.

Watu wa Kiooni waliacha kuyaamini macho yao. Wana mnara wa mbao wenye magurudumu, unaokokotwa nyumba hadi nyumba, na kifuani mwa mnara kuna Kioo Kikuu, kinene kama mlango wa jela. Kila nyumba ina siku moja kwa mwaka, Siku ya Picha. Siku hiyo mnara husimamishwa mbele ya nyumba, na wanaume wanne huzungusha gurudumu la kukisogeza Kioo mbele au nyuma, na kila kilicho mbele yake hutua juu ya shuka kubwa lililotandazwa ndani ya mnara. Lakini Kioo kina tabia moja: hakiwezi kumtazama wa karibu na wa mbali kwa pamoja. Kikimpata aliye hatua ishirini, aliye hatua ishirini na sita anageuka ukungu. Aliyetokea wazi anapewa kadi, na huyo yupo. Aliyetokea ukungu hayupo, hata akija ofisini kwa miguu yake kulalamika. Ukikosekana miaka mitatu mfululizo unapelekwa Nyuma, bonde lililo nyuma ya kila kitu, lisilo na bomba wala njia, wala mtu wa kugeuka kukutazama.

Shangazi alikuwa amekosekana miaka miwili. Miaka yote miwili, mbele ya nyumba yake, Kioo kilimkamata Bwana Bango.

"Na nyumba hii atapewa nani?" Mishi akauliza.

"Raia aliye karibu."

"Nani?"

Shangazi akaelekeza kidevu kwenye kibanda cha kinyozi.

Mishi akatazama yale meno. "Si ulishushe tu hilo bango!"

"Kumshusha raia ni jinai."

"Lifunike gunia."

"Kumfunika raia uso Siku ya Picha ni jinai kubwa zaidi."

"Basi kakae kwingine, mbali nalo."

"Kila mtu hupigwa kizingitini kwake. Asiye na kizingiti hana Siku." Shangazi akavuta shuka lake. "Mimi si kwamba naipenda sana nyumba, Mishi. Bati lenyewe linavuja. Ila mume wangu amelala hapo nyuma ya jiko, na nilimwambia sitamwacha na jirani asiyejua kusoma hata Fatiha."

Ilikuwa imebaki siku moja kabla ya Siku ya Picha ya Shangazi. Asubuhi hiyo Mishi akaenda mtaa wa pili, ulikokuwa mnara, akakaa chini kwenye vumbi, akatazama watu wanavyofanya kazi. Msuka mikeka hana haraka. Ukikosea ukili mmoja, ule ukanda wa majani yaliyosukwa, unafumua urefu wa mkono mzima, kwa hiyo alikwisha zoea kutazama kwanza.

Mnara ulikuwa na ofisi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Bi Salha, Msimamizi wa Nyuso. Yeye alikuwa na kadibodi yenye matundu matatu, mawili juu na moja chini. Aliiweka mbele ya shuka na kuisogeza huku na huku, na chochote kilichojaa matundu yale kilikuwa uso. Mwaka uliotangulia alipata uso wa mlango wenye vitasa viwili na tundu la barua. Mlango ule una kadi hadi leo. Mwenye nyumba hana.

Ofisi ya pili ilikuwa ya pacha, Hasani na Huseni. Kila mmoja alikuwa na dirisha lake dogo, ubavu kwa ubavu, na rula imechorwa chini ya dirisha kwa kulala. Walitafuta mstari mmoja kwenye kile kinachotakiwa, kila mtu akasema kwake mstari uko namba ngapi. Namba zikiwa tofauti, tofauti ile iliwaambia Kioo kimekosea kwa kiasi gani na kwa upande upi. Zikilingana, Kioo kimefika. Nyumba yenye ua wa mianzi iliyosimama wima waliimaliza kabla Mishi hajakohoa, mkuu wa wazungushaji akiita na wao wakijibu.

"Hasani?"

"Tano!"

"Huseni?"

"Nane!"

"Mbele mizunguko mitatu!"

Gurudumu likalia, pacha wakatazama tena, namba zikalingana, kengele ndogo ikapigwa, kisha kubwa.

Ofisi ya tatu ilikuwa ya Bwana Makame, mtu mnene mwenye huzuni. Yeye aliitwa pale tu pacha waliposema, "Hatuoni mstari." Basi angesimama mbele ya shuka na kuwaamuru wazungushaji kidogo kidogo: "Afadhali. Afadhali. Afadhali tena. Hee, imeharibika! Rudini."

"Huyu anapapasa kama mtu aliyeangusha sindano majanini," Hasani akasema, kwa sauti ya kusikiwa.

"Mimi naitazama picha yenyewe," Makame akajibu. "Ninyi mnatazama rula. Nitajuaje nimefika penye uwazi kabisa kama sijapapita nikaona panaanza kuharibika?"

"Siku nzima, nyumba mbili!"

"Nyumba mbili zilizo sawa!"

"Mbili!" Huseni akadakia, akainua vidole viwili ili na wazungushaji wacheke. Ugomvi huo, Mishi aliambiwa, una miaka kumi na minne, na una bajeti yake.

Mchana wakafika kwenye nyumba ya mbao zilizopigiliwa kwa kulala, moja juu ya nyingine. Hapo pacha wakachelewa, wakakuna vichwa, mwishowe wakasema Kioo kiko sawa, na picha ikatoka ukungu mtupu. Mwenye nyumba akaangua kilio. Mishi hakujua kwa nini mianzi imekubali na mbao zimekataa, ila akaliweka jambo hilo kando, kama msukaji anavyoweka miyaa, yale majani ya kusukia, ya rangi atakayoihitaji baadaye.

Walipopumzika akamwendea Bi Salha.

"Bibi, kesho ni zamu ya shangazi yangu, Mwanarusi. Ana uso."

"Macho mangapi?"

"Mawili. Moja limefunga utandu."

Bi Salha akaitazama kadibodi yake. "Hiyo ni nusu uso. Nusu uso ni kazi ya ofisi nyingine."

"Ofisi gani?"

"Haijafunguliwa."

Mishi akasogea hatua moja. Kisha akaelekeza kidole kwenye shuka, palipochorwa miraba tisa kwa mkaa. "Na hii miraba ni ya nini?"

"Mwenye nyumba ana haki ya kuchagua mraba mmoja. Akichagua, mimi na kadibodi yangu tunakaa pembeni, na pacha hawatafuti kwingine ila humo."

"Haki hiyo ipo tangu lini?"

"Tangu mnara ujengwe."

"Mbona hamkumwambia shangazi yangu? Mwaka wa tatu huu!"

Bi Salha akashangaa kweli. "Tungemwambiaje? Hatumwoni."

Kesho yake mnara ukasimama mbele ya nyumba. Majirani walikusanyika, maana hakuna kinachovuta watu kama mtu anayekaribia kuhamishwa. Mtu wa maji alikuja na ufunguo wa kufungia mlango wa nyumba, ameshauandaa mkononi. Shangazi akakaa kizingitini, na shuka lake jeupe, kwenye kivuli, mbele ya ukuta wa chokaa.

"Mwenye nyumba anachagua mraba," Mishi akatangaza. "Wa kati. Alipokaa."

Bi Salha akaitia kadibodi kwapani kama mtu aliyetukanwa. "Majaribio ni matatu," akasema. "Yakishindikana, Kioo kitakwenda kwenye uso kilichokwisha uzoea." Akamtazama Bwana Bango kwa upole.

Jaribio la kwanza.

"Hasani?"

"Hatuoni mstari."

"Huseni?"

"Nyeupe juu ya nyeupe. Hapa hakuna pa kushika."

Makame akaitwa. "Mbele," akasema. "Ukungu. Mbele. Ukungu. Mbele tena." Kioo kikaenda hadi kikagonga mwisho wa reli. "Haya, rudini. Ukungu. Rudini. Ukungu." Kikarudi hadi kikagonga mwisho wa pili. Kikaenda tena, kikarudi tena, na wazungushaji wakalowa jasho na kumtukania mama mtu wasiyemwona. Mwishowe Makame akakaa chini. "Labda hakuna kitu," akasema.

"Kuna shangazi yangu!" Mishi akapiga kelele. "Mtu mzima! Nyote hapo mna macho! Mtazameni tu!"

Watu wakainamisha nyuso kwa aibu, kama vile ameongea jambo la chumbani. Mama mmoja akamwambia taratibu, "Binti, usiseme hivyo mbele za watu."

Mishi akaingia ndani, akatoka na mkeka. Ulikuwa wake mwenyewe, ukili mweusi, mwekundu na mweupe, mistari imenyooka toka ncha hadi ncha kwa urefu. Kama ni mistari mnaitaka, akajisemea, mtaiona leo. Akaunyoosha kwa mapana ya mikono yake mbele ya magoti ya Shangazi, kama anavyomwonyesha mnunuzi, mistari imelala.

Jaribio la pili.

"Tumeona!" pacha wakasema kwa pamoja, na watu wakashangilia.

"Hasani, mstari uko namba ngapi?"

"Unaanza sifuri, unakwenda hadi mwisho."

"Huseni?"

"Na kwangu hivyohivyo. Sifuri hadi mwisho."

"Mnakubaliana?"

"Kabisa kabisa."

"Basi Kioo kiko sawa. Tayarisheni kengele!"

Kutoka alipo, kwa mlango wa mnara, Mishi akachungulia shuka la ndani. Juu yake kulikuwa na doa la kijivu, kama uji uliomwagika. "Subirini! Huo ni ukungu!"

"Pacha wamekubaliana," Bi Salha akasema.

"Bwana Makame, wewe si unaitazama picha yenyewe? Waambie!"

Makame akalitazama doa lile kwa huzuni. "Ni ukungu, binti, tena mzito. Lakini mimi naitwa pale wanaposema hawaoni. Hawa wameona. Sijaitwa."

Mishi akataka kumpiga na mkeka. Alikataa picha ile, kwa kuwa mwenye nyumba anaruhusiwa kukataa kabla ya kengele, na mtu wa maji akaanza kukitia mafuta kitasa cha mlango ili kifunge vizuri. Limebaki jaribio moja.

"Mwanangu," Shangazi akasema kwa sauti ya chini, "umejitahidi. Utanisaidia kufunga sufuria."

Mishi alikuwa anatazama yale madirisha mawili ya pacha. Yamekaa ubavu kwa ubavu. Rula zimelala. Mstari uliolala unaingia dirisha hili, unapita, unaingia na lile, na kote ni uleule. Utasemaje uko namba ngapi? Akaikumbuka nyumba ya mbao. Akaikumbuka mianzi.

"Lo," akasema. "Watu wazima hawa. Miaka yote hii."

Akaugeuza mkeka. Akausimamisha wima kama mlango, ncha yake ya juu imempita Shangazi kichwa, ya chini imegusa kandambili zake, mistari yote imesimama.

Jaribio la tatu.

"Hasani?"

"Saba!"

"Huseni?"

"Kumi na moja!"

"Mbele mizunguko minne!"

Gurudumu likalia.

"Hasani?"

"Tisa!"

"Huseni?"

"Tisa!"

Kengele ya kwanza ikapigwa, ile ndogo. Kwa sheria ya Kiooni, kengele hiyo ikilia, kabari hupigwa kwenye gurudumu, na hakuna mkono unaoruhusiwa kulisogeza mpaka kengele ya pili, ambayo ndiyo picha. Nyundo ikashuka, kabari ikakaa.

Hapo hapo Mishi akauondoa mkeka, akakimbia nao pembeni.

Bi Salha akaruka. "Mkeka umeondoka! Mraba mtupu! Pimeni upya!"

"Kabari imeshapigwa," Mishi akasema, anahema. "Sheria inasemaje baada ya kabari?"

Bi Salha akaitazama kabari. "Kioo hakiguswi."

"Basi msikiguse. Kengele ya pili ni yenu."

"Mishi," Shangazi akauliza, "nicheke au nisicheke?"

"Fanya upendavyo, shangazi, ila usiiname mbele wala usiegemee nyuma. Kaa pale pale mkeka ulipokuwa."

Kengele kubwa ikalia.

Juu ya shuka la mnara akatokea mwanamke. Kila mkunjo wa uso wake ulikuwapo, na kila unywele mweupe uliochungulia kwenye shuka lake, na lile jicho lenye utandu, wazi kama tone la maziwa. Hakuwa amecheka. Alikuwa anawatazama. Nyuma yake, pembeni, Bwana Bango alikuwa doa la rangi tu, hana hata jino.

Wazungushaji wakaachia gurudumu. Mtu wa maji akatazama picha, akamtazama Shangazi, akatazama picha tena, na ufunguo ukamponyoka.

"Mama huyu," akasema polepole, "nimemkanyagia kandambili miaka miwili."

"Na kidole," Shangazi akasema.

Kadi zikaletwa kesho yake asubuhi na mtu wa maji mwenyewe. Zilikuwa mbili. Ya kwanza iliandikwa Mwanarusi binti Athumani. Ya pili iliandikwa Mkeka, wa nyumba hiyohiyo, mrefu, mwembamba, dini haikutajwa.

"Hii ya nini?" Mishi akauliza.

"Pacha walimpima. Walikubaliana. Amesajiliwa." Akatua madumu manne barazani, mawili kwa kila raia, akaenda kwenye kibanda cha kinyozi kumpa pole Bwana Bango.

Mishi akakaa na kadi ile mkononi kwa muda. Njia nzima mbele yake watu walikuwa wanapita na mikeka, majamvi, vipande vya ua wa mianzi, kila mmoja amesimamisha cha kwake mbele ya uso, wanagongana na kuombana radhi. Tangazo lilikuwa limebandikwa alfajiri: anayetaka kuonekana, asimame nyuma ya mistari. Lile la kuuondoa mkeka baada ya kengele ya kwanza, hakuna aliyelitaja.

Akataka kwenda kuwaambia. Akainuka kabisa. Kisha akamwona mtu mmoja ameushika mkeka wake mistari imelala, anabishana na mkewe, akakaa tena chini.

"Chai imeiva," Shangazi akaita.

Wakautandika mkeka barazani, wakakaa, na birika la chai katikati, na vitumbua kwenye sahani. Shangazi akanyoosha miguu. Hawajamaliza kikombe cha kwanza, mtu wa maji akarudi, akawaona, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Jamani! Mnafanya nini? Mnamkalia raia!"

Maneno yaliyomjia Mishi yalikuwa mengi, na hakuna hata moja la kusemewa barazani. Shangazi akamgusa goti.

"Kweli, mwanangu, tumekosa adabu," akamwambia mtu wa maji. "Sasa mwambie asimame. Akisimama tu, sisi tunampisha."

Mtu wa maji akaona hilo ni jambo la haki. Akavua kofia, akachuchumaa, akauinamia mkeka, akaanza kuuambia usimame, kwanza kwa upole, kisha kwa kuutajia kifungu cha sheria.

Mishi akamimina kikombe cha tatu, akakisogeza karibu na mkono wa mtu wa maji, kwa sababu alionekana atakaa sana.